Nani Asikiaye?

Fahamu ni mali ya ajabu. Kila mtu anayo, wala hapana mtu awezaye kuitia katika kiganja cha mkono akamwonyesha mwenzake. Maumivu ya jino langu nayajua bila ya shahidi. Maumivu ya jino lako nayajua kwa uso wako uliokunjamana, kwa mkono wako ulioshika shavu, na kwa neno lako uniambiapo kuwa hukulala. Tangu mwanzo wa dunia watu wameishi hivyo, kila mmoja akiwa na hakika ya nuru iliyomo ndani yake, na akisadiki kwa wema tu kwamba nuru kama hiyo imo ndani ya wengine. Imani hiyo ilitutosha kwa kuwa watu wote tuliowajua walifanywa kwa udongo mmoja. Katika zama zetu limezuka jambo jipya. Mafundi wamejifunza kutengeneza vitu vifanyavyo kazi ya neva, na waganga wamejifunza kuviunganisha na neva za mtu aliye hai. Swali lililokuwa la wanafalsafa peke yao sasa labisha hodi mlangoni petu: ubongo ukiwa sehemu nyama na sehemu chuma, je, fahamu imo bado? Na kama imo, ni ya nani?

Nitalichungua swali hili kwa mifano ya mkoa wa Mara, yaani Musoma, Bunda na Butiama. Ninayo sababu. Fikira ngumu hushikika vyema ikifungwa katika kitu kinachojulikana, kama ng'ombe mkali afungwavyo katika mti. Tena Afrika ya Mashariki ina historia yake katika jambo hili la kumpima mtu kwa ubongo wake, na historia hiyo, kama tutakavyoona, yafika mpaka Butiama.

Kwanza yafaa tutenge maana za maneno. Akili ni uwezo wa kuona njia ya kulifikia jambo. Fahamu ni ule uwepo wa ndani ambao kwao jambo huwa na ladha, rangi, au uchungu kwa mtu fulani. Mtoto mchanga hana akili nyingi, lakini ana fahamu. Sindano ya chanjo humuuma. Mashine ya hesabu hushinda akili za wahasibu kumi, lakini hapana aionaye huruma kwa kuchoka. Kiswahili kiliijua tofauti hii kabla ya vitabu vya sayansi kufika kwetu. Umeme ukikatika Musoma usiku, twasema taa zimezimika. Mtu akianguka kwa jua sokoni Bunda, twasema amezimia, au amepoteza fahamu. Akizinduka, twasema fahamu zimemrudia. Taa huzimika, mtu huzimia. Herufi moja tu imeyatenga maneno hayo mawili, lakini kati yao pana bahari. Kilichozimika kilikuwa kikifanya kazi, aliyezimia alikuwapo. Basi swali letu laweza kuulizwa kwa Kiswahili chepesi: ubongo uliochanganyika ukisimama, tuseme kitu kimezimika, au mtu amezimia?

Sasa tutazame elimu yasemaje. Ubongo wa mtu una seli za neva zipatazo bilioni 86, kwa hesabu iliyotolewa na wataalamu wa Brazil mwaka 2009. Kila seli hupokea dalili kutoka kwa seli nyingine nyingi, na dalili hizo zikifikia kipimo fulani, nayo hutoa mpigo wa umeme ukapita katika uzi wake mpaka kwa jirani zake. Mwaka 1943, Warren McCulloch na Walter Pitts walionyesha huko Chicago kuwa neva yaweza kufananishwa na hatua ya mantiki: hukubali au hukataa. Mwaka 1952 Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliuandika mpigo wa neva kwa hesabu baada ya kuichunguza neva nene ya ngisi. Kilichoandikika kwa hesabu huweza kujaribiwa kwa mikono ya mafundi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath na wenzao walitangaza kuwa wametengeneza vipande vya silikoni viitikiavyo umeme karibu sawasawa na neva za panya.

Kwa habari kama hizi wanafalsafa wametunga mfano. Tuseme neva moja ya mtu imekufa, na fundi akaweka mahali pake neva ya kubuni ipokeayo na kutoa mipigo ile ile. Mtu huyo hatatambua kitu, maana hata sisi neva zetu hufa pasipo kujua. Kesho hubadilishwa ya pili, keshokutwa ya tatu, mpaka mwisho isibaki hata moja ya nyama. Mwenendo wake ni ule ule: awaamkia jirani zake, adai deni lake, acheka penye kichekesho. Je, ndani yake amebaki mtu? John Searle wa Marekani aliandika mwaka 1992 kuwa yamkini fahamu ya mtu huyo ingenyauka kidogo kidogo hali kinywa chake kikiendelea kusema maneno yale yale ya siku zote. David Chalmers wa Australia alijibu mwaka 1995 kuwa jambo hilo ni gumu kusadikika: itakuwaje mtu mwenye akili timamu apungukiwe na rangi zote na sauti zote, na asigundue hata siku moja?

Mfano huo si mgeni sana kwa mtu aliyesimama katika mwalo wa Mwigobero, Musoma, akatazama mitumbwi. Ubao ukioza mvuvi huung'oa akapigilia mpya. Mwakani hubadili ubao wa pili, na mwaka mwingine wa tatu, mpaka pengine hapana hata ubao mmoja uliobaki wa siku ile mtumbwi uliposhushwa majini mara ya kwanza. Wagiriki wa kale walisimulia habari ya namna hiyo juu ya merikebu ya Theseus, wakabishana kama merikebu ni ile ile au ni nyingine. Mvuvi habishani. Mtumbwi ni ule ule kwa sababu jina ni lile lile, namba ni ile ile, na mwenyewe ni yule yule. Watu wakipatana kuuita wa zamani, ni wa zamani. Wakipatana kuuita mpya, ni mpya, na samaki hawana habari.

Lakini hapa ndipo mfano wa mtumbwi uachanapo na mfano wa ubongo. Swali la mtumbwi ni swali la jina, na jina ni mapatano. Swali la fahamu haliwezi kukatwa kwa mapatano. Ama kuna mtu ndani ambaye kwake kunapambazuka, ama hakuna. Hapana mkutano wa kijiji uwezao kupiga kura kwamba jino lisiume. Kwa hiyo wale wasemao kuwa habari yote ya ubongo uliochanganyika ni ya kuchagua maneno tu wamelikimbia swali, hawakulijibu.

Wako wengine wasemao hivi: kwa kuwa hapana neva moja tuwezayo kuitaja tukasema hapa ndipo fahamu ilipokoma, basi fahamu haikomi kamwe. Hoja hii nayo yachechemea. Mtu akae Musoma jioni, alitazame jua likishuka katika Ziwa Viktoria. Hataweza kutaja dakika ambayo mchana ulikwisha na usiku ukaingia. Maji ni dhahabu, kisha ni shaba, kisha ni majivu, na baada ya muda taa za wavuvi wa dagaa zaonekana mbali ziwani. Mpaka haukuonekana, lakini usiku umeingia kweli. Kutoonekana kwa mpaka si dalili ya kutokuwapo kwa tofauti. Hivyo mwendo wa hatua ndogo ndogo hauthibitishi kwamba fahamu yabaki, wala hauthibitishi kwamba yaondoka. Mizani ya mantiki imesimama katikati, na mtu anayetaka ilale upande mmoja hana budi kutafuta uzito mahali pengine.

Tuutafute katika jambo lililokwisha kutendeka kwetu. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapandikiza watoto viziwi vifaa vya kusikia ndani ya sikio. Kabla ya hapo wagonjwa wa Tanzania walipelekwa nje ya nchi. Kifaa hicho kina historia ndefu kidogo. Huko Paris mwaka 1957, André Djourno na Charles Eyriès walitia umeme katika neva ya kusikia ya mtu aliyekuwa kiziwi, naye akatambua sauti. Tangu hapo kazi imeendelea. Katika sikio zima, sehemu ya ndani iliyojikunja kama konokono ina seli zenye vinyweleo zipatazo 3,500 zigeuzazo mtikisiko wa sauti kuwa dalili za neva. Seli hizo zikifa hazioti tena. Daktari huingiza katika konokono huyo uzi mwembamba wenye nukta za umeme, katika vifaa vingi kati ya 12 na 22. Nje, nyuma ya sikio, hukaa kifaa kingine kinasacho sauti, kikaichambua, na kuipitisha ngozini mpaka ndani. Maelfu ya seli za nyama yamepokewa kazi na nukta za madini zisizotimia thelathini.

Sasa tuseme yuko mtoto wa Bunda aliyepatwa na homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka mitatu. Homa imekwisha, na kusikia kumekwenda nayo. Wazazi wake hawana nafasi ya kungoja, maana baada ya ugonjwa ule mifereji ya sikio la ndani huweza kujaa mfupa. Wasafiri zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Dar es Salaam, mtoto apasuliwe, kidonda kipone, kifaa kiwashwe. Haitakuwa muujiza wa siku moja. Watu wazima waliopoteza kusikia kisha wakapandikizwa husimulia kwamba mwanzoni sauti za watu huja kama kelele za mashine au milio ya bati, na baada ya wiki au miezi zageuka kuwa sauti za watu, hata mke akatambulikana kuwa mke na ndugu kuwa ndugu. Fundi hukirekebisha kifaa mara kwa mara, lakini nukta za umeme hazikuongezeka hata moja. Aliyejifunza ni mtu. Siku moja mama wa mtoto yule atamwita akiwa nyuma yake, na mtoto atageuka. Nauliza: ni nani aliyegeuka? Ni nani asikiaye?

Msomaji mwenye kupenda hoja ataniambia kuwa nimemdanganya kwa mfano. Kifaa cha sikio kimo mlangoni tu, atasema. Mwenye nyumba ni ubongo, na ubongo wa mtoto yule ni nyama tupu. Pingamizi hili lina haki yake, lakini mlango wenyewe unasogea ndani. Tangu mwaka 1987, kwa kazi iliyofanywa Grenoble, Ufaransa, wagonjwa wa kutetemeka wamekuwa wakitiwa nyaya za umeme katikati ya ubongo, na baadhi yao wamebadilika siyo mikono tu, bali furaha na huzuni zao pia. Mwaka 2004, Marekani, kipande chenye sindano ndogo kiliwekwa katika ubongo wa kijana aliyepooza, akaweza kusogeza alama katika kioo cha kompyuta kwa kunuia tu. Na mwaka 2024 kampuni ya Neuralink ilifanya kazi ya namna hiyo kwa kifaa chenye nukta za umeme nyingi zaidi. Anayesema kuwa kipo kizingiti ambacho chuma kikivuka mtu hutoka, ana deni la kutuonyesha kizingiti hicho. Mpaka sasa chuma kimepita sikio, kimepita ngozi ya ubongo, kimefika vilindini, na wagonjwa wangali wakisema, "Mimi."

Lakini hofu ya Searle haikutibiwa bado. Yawezekana mdomo ukasema "mimi" na ndani pasiwe na mtu. Kwa mantiki tupu yawezekana hivyo kwa mgonjwa mwenye nyaya, na kwa mantiki hiyo hiyo yawezekana kwa jirani yako asiye na waya hata mmoja. Hapa ndipo swali ligeukapo, kutoka katika elimu ya vitu kuingia katika elimu ya wema na ubaya. Ikiwa ushahidi wa ndani hauonekani kwa mtu yeyote, mzigo wa kuthibitisha aubebe nani? Aubebe asemaye "mimi," au aubebe amkanaye?

Historia yetu yatufundisha kitu. Mwaka 1934 daktari wa maabara ya Serikali ya kikoloni mjini Nairobi, F. W. Vint, alitangaza matokeo ya kupima ubongo wa maiti za Waafrika wa Kenya. Aliupima kwa uzito, akapima na unene wa ganda lake, kisha akasema kwamba ulikuwa na upungufu ukilinganishwa na ubongo wa Mzungu. Mwaka 1953 J. C. Carothers, aliyekuwa daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alitoa kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani, akimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa neva za sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, 1954, Serikali ya Kenya ilichapa taarifa yake juu ya saikolojia ya Mau Mau, na madai ya watu waliodai ardhi yao yakasomwa kama ugonjwa wa nafsi. Mabwana hao hawakuwa na haja ya kumwuliza Mwafrika anaona nini, aumwa na nini, au ataka nini. Mizani ilikwisha kuwajibia. Walipoukana utimilifu wa ndani wa mtu kwa sababu ya nyama ya ubongo wake, lililofuata halikuwa kosa la kitabuni tu, ilifuata sera.

Katika mwaka ule ule wa 1953, mtoto wa Butiama aliyezaliwa mwaka 1922, akaingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, mwaka wa mizani ya Nairobi, na kurudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA. Mwaka 1954, mwaka wa taarifa juu ya Mau Mau, yeye na wenzake waliunda TANU. Julius Nyerere hakuwajibu wapima ubongo kwa mizani nyingine iliyo bora. Hakusema, ngojeni tupime upya ganda la ubongo wa Mzanaki, na uzito ukitimia tutadai uhuru. Imani iliyowekwa mbele ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kwamba binadamu wote ni sawa, haikungoja maabara. Ilitangulia kila kipimo, kama msingi utanguliavyo ukuta. Mwalimu alizikwa Butiama mwaka 1999, na mtu asimamaye pale na afikiri juu ya miaka ile miwili, 1953 na 1954, hukuta kanuni ambayo hakuna mwanafalsafa wa neva aliyeiandika wazi zaidi: utu hauombi kibali kwa malighafi.

Nasema basi kwamba mzigo wa kuthibitisha aubebe mkanaji. Mtu tuliyemjua kuwa mtu jana, akiingizwa neva ya kubuni leo, naye akaendelea kutushuhudia maisha yake ya ndani, sisi hatuna sababu ya kumtilia shaka iliyo bora kuliko sababu tuliyo nayo ya kumtilia shaka jirani yeyote. Shaka yenyewe yaruhusiwa darasani. Ikitoka darasani ikaenda mahakamani, hospitalini, au katika meza ya urithi, ni dhuluma.

Tena lugha yetu imetangulia katika busara hii, na wanafunzi wa sarufi wapitao juu yake kila siku pengine hawaioni. Majina kama kiziwi, kipofu na kiwete yamevikwa kiambishi cha vitu. Kwa sura yake "kiziwi" amekaa benchi moja na kikombe na kisu. Ubaya wa sura hiyo twauona, na ndiyo sababu wengi siku hizi huchagua kusema mtu mwenye ulemavu. Lakini tazama kitenzi kifanyacho. Hatusemi "kiziwi kimesikia." Twasema "kiziwi amesikia." Hatusemi "kiboko kimezamisha mtumbwi," na wavuvi wa Musoma wamjuao kiboko hawatasema hivyo kamwe, husema "amezamisha." Jina laweza kumvika kiumbe vazi la kitu, lakini upatanisho wa sentensi humvua vazi hilo na kumwita kwa alichonacho ndani. Sarufi haikuuliza kiumbe amefanywa kwa nini. Iliuliza kama yupo.

Uaminifu wataka tuukabili upande wa pili pia, maana kanuni isiyo na mpaka hugeuka kuwa ushirikina. Mwaka 2022 watafiti wa Cortical Labs, Melbourne, walitangaza kuwa seli za neva zipatazo 800,000, za mtu na za panya, zilizooteshwa juu ya kibao cha elektrodi, zilijifunza kucheza mchezo mwepesi wa kompyuta wa kurudisha mpira. Walitumia neno lenye maana ya uwezo wa kuhisi, na wataalamu wengine walilipinga. Hapa mambo yamepinduka. Kwa mtoto wa Bunda chuma kimeingia katika mtu; kwa sahani ya Melbourne nyama ya mtu imeingia katika mashine. Tutasema seli "zimejifunza," au "wamejifunza"? Kila Mswahili atasema "zimejifunza," na nadhani kwa sasa hakosei. Sahani haikuwahi kuwa jirani wa mtu. Haina jana. Haikulia ikanyonyeshwa, haikuitwa jina ikaitika, wala hakuna aliyeishi nayo hata aweze kuitolea ushahidi. Kumchukua mtu aliyekwisha kujulikana na kumwondolea utu ni kunyang'anya. Kuchelewa kukipa utu kitu ambacho hakijatushuhudia ni tahadhari.

Hata hivyo tahadhari si ruhusa ya ukatili. Nyama ile ni ya jamii ya nyama ioneayo uchungu, na mafungu ya seli za namna hiyo yanaweza kukua mwaka hata mwaka. Mtu apitaye gizani katika zizi la ng'ombe hukanyaga polepole, hata kama hana hakika kuwa pale penye giza pamelala ndama. Wenye maabara nao wakanyage polepole. Wasiosema leo yafaa tuwawekee nafasi ya kusema kesho, tusije tukarudia kosa la Nairobi katika kitu kigeni zaidi.

Yabaki jambo moja, nalo ndilo litakalowagusa watu wetu mapema kuliko yote. Chuma kikiwa sehemu ya fahamu ya mtu, ni mali ya nani? Kampuni moja ya Marekani, Second Sight, iliuza jicho la kubuni lililowekwa katika macho ya watu zaidi ya 350 duniani. Mwaka 2019 iliacha kulitengeneza, na watu wale wakabaki na kifaa ndani ya jicho pasipo fundi wa kukiangalia. Huko Australia mwanamke mmoja mwenye kifafa aliwekewa kifaa cha ubongo kilichomwonya kabla ya kifafa kumwangusha. Kampuni yenye kifaa iliishiwa fedha mwaka 2013, na kifaa kikatolewa ijapokuwa hakutaka. Alisimulia baadaye kwamba alikuwa amekuwa mmoja na kifaa kile, na kwamba kwa kutolewa kwake alipoteza sehemu ya nafsi yake. Ikiwa ushuhuda wake tunausadiki, kama tulivyokubali kuwa tuna wajibu wa kuusadiki, basi kilichotolewa hakikuwa chombo cha dukani. Mkataba uliiona mali. Mwanamke aliona kiungo.

Tumrudie mtoto wa Bunda. Kifaa cha nje hula betri. Waya hukatika, mvua huingia, na kipuri hakipatikani katika maduka ya barabara ya Mwanza na Musoma. Mtoto aliyegeuka alipoitwa ataitwa tena, na hatageuka. Wakati huo hakuna aliyezimia. Kifaa ndicho kilichozimika. Mtoto yupo macho, mwenye fahamu kamili, amesimama katika kimya asichokichagua. Na kama wazazi wake hawakupata kifaa tangu mwanzo, wakamfundisha Lugha ya Alama, hakupungukiwa na chembe ya utu, kwa kuwa kifaa hakikumpa fahamu. Kilimpa njia moja ya kuitumia. Tukiielewa tofauti hiyo hatutawaabudu mafundi kama waumbaji wa nafsi, wala hatutawaruhusu waiweke nafsi ya mtu rehani. Serikali ilipiayo upasuaji ihesabu na betri za miaka ishirini. Sheria iruhusuyo kifaa kuingia katika ubongo ikikataze kutoka pasipo ridhaa ya mwenye ubongo. Na vyuo vyetu, pamoja na kile cha Butiama kilichopewa jina la Mwalimu, vifundishe mambo hayo mawili katika somo moja, jinsi neva ya kubuni ifanyavyo kazi na jinsi Nairobi ilivyokosa kazi yake.

Wanafalsafa wataendelea kubishana kama neva ya mwisho ikibadilishwa mtu hubaki au huondoka, na ni vyema wabishane, kwa maana swali ni la kweli na jibu lake halijulikani. Sisi hatulazimiki kulingojea ndipo tujue la kutenda. Mizani yaweza kutuambia uzito wa ubongo, na hesabu yaweza kutuambia idadi ya mipigo yake. Ni nani asikiaye, hatukupata kuambiwa na kipimo chochote, hata juu ya mama zetu. Tulijua kwa sababu tuliwaita nao wakaitika, na walipotuita tukaitika. Atakayeitika kwa neva za chuma, na tulimjua kabla, tumpatanishie kitenzi chake kama tunavyompatanishia kiziwi: amesikia.